Kabla Hujaulizia Bei ya Papa

Wifi yangu alipoamua kwamba anataka mtoto wa pili, alinunua vitu viwili: vidonge vya foliki na papa mkavu nusu kilo. Vidonge aliambiwa kliniki. Papa alijiambia mwenyewe, maana kwao mchuzi wa papa wa nazi uliotiwa mbirimbi ndio unaomjenga mtu. Nilimkuta ameshamroweka kwenye bakuli. Nikamwambia, wifi, huyo angoje kwanza, tuzungumze.

Jambo la kwanza nililomwambia ni la muda. Sumu inayotusumbua kwa samaki wakubwa ni zebaki, na zebaki iliyokuja na samaki haitoki mwilini kwa kunywa maji mengi au maziwa. Inachukua siku kama 50 ipungue nusu. Ukiacha leo, baada ya siku 100 hivi imebaki robo. Sasa mama anayengoja mpaka siku ya kufungua kadi ya kliniki, mimba ikiwa na miezi mitatu au minne, ameshachelewa: ubongo wa mtoto umeanza kujengeka zamani, na zebaki hupita kwenye kondo la nyuma bila kizuizi. Ndiyo maana nasema haya ni ya kuzingatia kabla ya mimba.

Wajapani waliyajua haya kwa gharama kubwa. Kule Minamata, kiwanda cha Chisso kilimwaga zebaki kwenye ghuba kuanzia 1932 hadi 1968. Paka waliokula mabaki ya samaki walianza kuzungukazunguka kama walevi na kujitumbukiza baharini. Ugonjwa wa watu ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Kilichowashangaza madaktari baadaye ni akina mama waliokuwa wazima, au wenye dalili ndogo tu, waliojifungua watoto wenye ulemavu mkubwa wa ubongo. Sumu ilikuwa imehamia kwa mtoto.

Bahari yetu si Minamata. Lakini zebaki hupanda hewani kutoka kwenye makaa ya mawe, volkano na dhahabu inayochomwa na wachimbaji wadogo, kisha hushuka majini, na vijidudu vya tope huigeuza ikawa ya aina inayonata kwenye nyama. Dagaa hupata kidogo. Samaki wa kati hula dagaa wengi, jodari hula wengi wa hao wa kati, papa humla yeyote, na kila mmoja huweka akiba ya aliowala. Kwa hiyo ukiwa sokoni, kabla ya bei uliza mambo mawili: huyu samaki alikuwa mkubwa kiasi gani, na alikuwa akila nini?

Hesabu yake tuliifanya nyuma ya risiti. Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliweka kikomo cha zebaki mwaka 2003: mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wako kwa wiki. Wifi ana kilo 60, kwa hiyo ruhusa yake ni mikrogramu 96. Katika vipimo vya Marekani, papa ana wastani wa miligramu 1 hivi ya zebaki kwa kilo, yaani mikrogramu 1,000. Kipande kibichi cha gramu 100, kama kiganja bila vidole, kinamaliza ruhusa ya wiki nzima. Sadini, ndugu wa dagaa wetu wa baharini, ana wastani wa miligramu 0.013. Ili kufika palepale wifi angelazimika kula zaidi ya kilo saba. Na papa mkavu ndiye mbaya zaidi kwa uzito: jua limeondoa maji, zebaki imebaki.

Pamoja na papa, weka kando nduwaro na wenzake wenye pua ya upanga, na jodari wale wakubwa wa macho makubwa. Kwenye nguru najua nitagombana na watu, hasa msimu wa harusi. Wamarekani wanamkataza mjamzito nguru wa kwao, ambaye ni binamu wa huyu wetu, na sioni sababu ya kumwamini wetu zaidi eti kwa kuwa tunamjua jina. Kama huwezi kumwacha, nunua mdogo mzima anayeenea kwenye beseni. Kipande kilichokatwa hakisemi umri wa mwenyewe. Mwambie muuzaji akuonyeshe kichwa.

Usitegemee jiko. Ndimu, siki, chumvi, kumwaga maji ya kwanza, vyote havitoi zebaki, kwa sababu imo ndani ya nyama yenyewe. Zipo sumu nyingine zinazosikia kisu. Dioksini na jamaa zake, sumu za viwandani na za taka zinazochomwa, hukaa kwenye mafuta, kwa hiyo kutoa ngozi na minofu ya tumbo yenye mafuta kunasaidia. Kadimi, metali nyingine yenye sumu, hukaa matumboni: kwa kaa, achana na ule uji wa kahawia ndani ya gamba, na pweza au ngisi msafishe matumbo kabisa kabla ya kumfanya supu. Chaza na kome huchuja maji mchana kutwa, na wanachokichuja wanakiweka. Wakitoka karibu na bandari au mtaro wa mji, wapite.

Kwa walio Kanda ya Ziwa, neno "mwalo" lina mambo mawili: samaki wanaposhushwa, na mahali panapochenjuliwa dhahabu kwa zebaki. Kambare wa kijito kinachopita chini ya mwalo wa pili usimpe mjamzito. Sato na sangara wa ziwani kwa kawaida wamepimwa wakakutwa chini ya viwango, ingawa sangara mzee mzito anafuata sheria ileile ya papa. Tatizo jingine la ziwani lilikuwa dawa za mashambani: mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Viktoria kwa sababu ya watu waliovua kwa sumu. Samaki aliyeokotwa akielea, hata awe wa bure, si kitoweo.

Nisieleweke kwamba watu waache samaki. Mtoto tumboni anahitaji yale mafuta ya samaki, na mama aliyekimbilia soseji hajajiokoa. Mjamzito anaweza kula gramu 225 hadi 340 kwa wiki, milo miwili au mitatu, ya dagaa, vibua, tasi, kamba au sato. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitatu, gramu 30 kwa mlo, mara mbili kwa wiki.

Wifi aliandika "tasi, vibua, dagaa" kwenye simu yake, kisha akalitazama bakuli. Papa ameshalowa, fedha imeshatoka. Mama yangu, mwenye miaka 71, alikuwa ametusikiliza muda wote kutoka ukumbini. Akaja, akalichukua bakuli, akauliza mbirimbi ziko wapi.