Somo: Kumfuatilia Babu Aliyeunda Meli Glasgow

Kwa kuwa swali la orodha ya wafanyakazi wa viwanda vya meli haliishi, nalijibu hapa mara moja: kwa mpiga ribiti (mfungaji wa mabati ya meli kwa misumari minene ya chuma) wa kawaida wa Govan au Clydebank, maeneo ya viwanda hivyo, mara nyingi orodha hiyo haipo. Mtafuteni nje ya lango la kiwanda.

Hatua ya kwanza: tafuta cheti cha kifo katika tovuti ya serikali ya Uskoti, ScotlandsPeople. Uandikishaji wa lazima wa vizazi, ndoa na vifo ulianza 1855.

Hatua ya pili: soma sensa, 1841 hadi 1921. Usiiruke safu ya idadi ya vyumba vyenye dirisha, iliyoanza 1861, kwani ndiyo itakayokuonyesha kama baba, mama, watoto na mpangaji walilala chumba kimoja.

Hatua ya tatu ndiyo inayowapoteza wengi. Watoto walirithi majina ya babu na bibi zao, hivyo mtaa mmoja waweza kuwa na John McDonald kadhaa, wote wa kazi moja. Jina, umri na kazi havitoshi. Shika jina la ukoo la mama yake kabla ya kuolewa, ambalo vyeti vya Uskoti hulitaja katika ndoa na katika kifo. Tahadhari: habari za cheti cha kifo zilitolewa na mtu mwingine, pengine mkwe asiyewahi kuwaona wazazi wa marehemu. Vyeti hivyo viwili vikipingana, mimi huamini cha ndoa, maana hapo alisema mwenyewe.

Hatua ya nne: maombi ya msaada wa maskini, yaliyohifadhiwa katika Maktaba ya Mitchell, Glasgow. Mwenye nguvu asiye na kazi hakuwa na haki ya msaada huo, kwa hiyo humo utawakuta walioumia, wagonjwa na wajane.

Maswali ya wanachama

Swali: Sijasoma yote. Orodha ya kiwanda naipata wapi?
Jibu: Soma aya ya kwanza.

Swali: Mwalimu, kwa nini karani wa msaada wa maskini aliandika hata anwani za zamani za mwombaji?
Jibu: Swali zuri, ndugu yangu. Parokia, yaani mamlaka ya eneo iliyotoa msaada huo, ilitaka kujua ni nani wa kulipa. Aliyekaa mahali miaka ya kutosha alihesabiwa mwenyeji wa hapo, la sivyo gharama ilidaiwa parokia yake ya asili, na Mwayalandi aliweza kurudishwa kwao. Ubahili huo ndio uliotuachia historia ya maisha yao, nyumba kwa nyumba.

Swali: Babu wa mume wangu alikuwa kiwanda cha meli cha Yarrow, Scotstoun, Glasgow, wakati MV Victoria ya Ziwa Victoria inaundwa huko kabla ya kuunganishwa Kisumu. Nianzie wapi?
Jibu: Dada, sensa ya 1961, iliyo karibu na wakati huo, bado imefungwa, kwani hufunguliwa baada ya miaka 100. Anza na daftari la wapiga kura la mtaa wake. Picha za vyeti vya ndoa huonekana mtandaoni baada ya miaka 75 na vya vifo baada ya 50. Vya karibu zaidi unaagiza nakala kwa malipo.