Kabla hujapanda basi la kutoka Nyarugusu

Ndugu yangu mkimbizi wa kambi ya Nyarugusu, Kigoma, uliye trans (jinsia yako si ile uliyoandikiwa ulipozaliwa), kama faili lako la kuhamishwa limeelekezwa Canada, anza na jina. Lililo kwenye kadi ya posho ndilo litakalopanda ndege, hata kama siku hizi anayekuita hivyo ni mama peke yake. Usihangaike kulibadilisha katikati ya makaratasi, utajichelewesha. Tangu 2019 hati za uhamiaji za kule huandikwa mwanamume, mwanamke au X (jinsia nyingine), na cheti cha upasuaji hakidaiwi. Kubadili jina ukishafika ni suala la jimbo. Jimbo la Ontario hutaka uwe umekaa humo mwaka mzima kwanza. (Marekani usiihesabu: mpango wake wa wakimbizi ulisimamishwa Januari 2025.)

Siku ya mahojiano, omba kuongea bila familia. Mkalimani akiwa mtu mnayekutana bombani, omba mwingine. Na anayetaka chochote ili faili lisogee ni tapeli. Hatua zote ni bure.

Semina ya safari itakueleza baridi mpaka uchoke. Baridi ina koti. Ambacho hawakuelezi ni kwamba Nyarugusu imekutangulia. Utashuka, upokewe kwa Kiswahili chako hichohicho, uulizwe ulikuwa zoni gani, kijiji gani, na hadi jioni kanisa zima lina habari zako. Mimi mara ya kwanza kliniki nilikaribishwa na mkalimani aliyewahi kuimba kwaya na shangazi. Daktari akauliza nina shida gani. Nilikuja kwa ajili ya homoni. Nikasema kichwa kinauma. Nikarudi nyumbani na vidonge vya maumivu, na miezi miwili ikapita ndipo nikathubutu tena. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya Kiingereza uijue kabla hujaondoka: naomba mkalimani wa simu, wa mji mwingine. Iandike, iweke mfukoni.

Kuhusu fedha: posho ya kuanzia maisha kwa kawaida haizidi miezi 12, na nauli mara nyingi ni mkopo utakaoulipa. Waliokufukuza nyumbani watakuwa wa kwanza kupiga simu. Amua mapema utawajibu nini.

Mfuko wa IOM (shirika la uhamiaji linalokusafirisha) wenye hati usiufungue njiani. Gauni lako lipeleke chini kabisa ya begi, na dagaa uwafunge mifuko mitatu. Mimi nilifunga mmoja. Gauni lilinuka Ziwa Tanganyika hadi theluji ikayeyuka.