Somo: Kugandisha seli za kupandikiza, na kuziamsha zikiwa hai

Seli haiuliwi na baridi yenyewe. Inauliwa na maji yanapogeuka barafu. Ukishusha joto haraka mno, maji hayapati muda wa kutoka, barafu inaota ndani ya seli na kuipasua. Ukishusha polepole mno, barafu inaota nje, chumvi inabaki nyingi kwenye maji machache, na seli inanyauka. Peter Mazur aliyaeleza haya mawili mwaka 1972, na kila hatua hapa chini inajaribu kupita katikati yake. Vipimo ni vya seli shina za mesenkima (seli changa zinazoweza kugeuka mfupa, gegedu au mafuta), lakini seli nyingi za binadamu zenye kiini huanzia hapohapo.

1. Chagua seli. Gandisha zikiwa bado zinagawanyika, zikiwa zimefunika kama asilimia 80 ya sakafu ya chombo, na zilizo hai zisipungue asilimia 90. Pima maikoplazma (bakteria wadogo sana wanaochafua seli bila kuonekana) kabla, si baada. Friza haitibu seli mbovu, inazihifadhi na ubovu wake.

2. Kiowevu. Tuseme una seli milioni 20 na unataka vichupa 10 vya mililita 1. Tenga mililita 9 za kiowevu cha msingi chenye albumini (protini ya damu) ya binadamu. Mililita 5 zitumie kusambaza seli. Mililita 4 zilizobaki changanya na mililita 1 ya DMSO (kemikali inayoingia ndani ya seli na kuikinga na barafu), kisha weka kwenye barafu mpaka mchanganyiko upoe. Usiruke hapa: DMSO ikikutana na maji hutoa joto, shika bomba utalisikia. Ukiidondoshea seli moja kwa moja unazichoma na kuzilowesha kwa DMSO kali kwa mpigo mmoja.

Sasa ongeza mchanganyiko baridi kwenye seli, tone kwa tone, ukizungusha bomba taratibu. Mwisho unapata DMSO asilimia 10 na seli milioni 2 kwa kila mililita. Kuanzia hapo una dakika 10 hivi za kugawa kwenye vichupa na kuanza kupoza. (Chupa ya DMSO ikiganda kwenye chumba cha baridi usiitupe, huganda ikishuka chini ya nyuzi 18 hivi. Ipashe moto kidogo.)

3. Kushusha joto. Nyuzi 1 kwa dakika. Chombo cha alkoholi ya isopropili ndani ya friza ya nyuzi −80 kinakaribia kasi hiyo, mradi alkoholi ibadilishwe baada ya kutumika mara 5. Mashine ya kupoza kwa programu ni bora, hasa kwa sababu ya jambo moja: maji ya kichupa hayagandi kwenye sifuri. Yanaweza kufika −15 yakiwa bado kimiminika, halafu yakaganda ghafla. Joto linaruka juu, kisha linaporomoka haraka kuliko ulivyopanga, na hapo ndipo barafu ya ndani inapoota. Dawa yake: simamisha mashine kwenye −6, gusa ukuta wa nje wa kichupa kwa koleo lililochovywa kwenye naitrojeni kimiminika, karibu na uso wa kiowevu. Utaona doa jeupe likitambaa. Subiri dakika chache, endelea.

4. Kuhifadhi. Kesho yake hamishia kwenye mvuke wa naitrojeni, chini ya −150. Beba vichupa juu ya barafu kavu. Kichupa cha mililita 1 kikiachwa mezani hupanda joto kwa sekunde, si kwa dakika.

5. Kuyeyusha. Hapa ni kinyume: haraka. Maji ya nyuzi 37, mfuniko ukibaki juu ya maji, tikisa mpaka ibaki punje ndogo ya barafu, kama dakika 2. Futa kwa alkoholi asilimia 70. Hamishia kwenye bomba, ongeza mililita 1 ya kiowevu tone kwa tone kwa dakika nzima, ndipo uongeze mililita 8 nyingine. Seli imejaa DMSO, na maji huingia upesi kuliko DMSO inavyotoka. Ukimimina kwa pupa, seli inavimba na kupasuka. Zungusha kwenye sentrifuji kwa 300 g (mara 300 ya nguvu ya mvutano wa dunia), dakika 5, seli zitue chini, kisha mwaga kiowevu chenye DMSO.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, nikihesabu baada ya kuyeyusha napata asilimia 90 hai, kesho yake chombo kiko nusu tupu. Nakosea wapi?*
Huenda hukosei kuhesabu, unahesabu mapema. Seli nyingi zilizojeruhiwa hufa saa 6 hadi 24 baadaye. Pima tena kesho. Pia angalia jumla, si asilimia peke yake: uligandisha milioni 2 hai, ukapata milioni 1.2, asilimia 90 zikiwa hai. Hizo ni milioni 1.08, yaani umerudisha asilimia 54 tu. Zilizopasuka kabisa hazihesabiki.

*Nyuzi −80 haitoshi kwa miezi sita?*
Haitoshi. Kwenye −80 barafu bado inajipanga upya, fuwele ndogo zinaungana kuwa kubwa. Siku chache, sawa.

*Naweza kugandisha seli zikiwa tayari ndani ya shanga za aljineti (jeli ya mwani)?*
Inawezekana, ila DMSO huchelewa kufika katikati ya shanga, kwa hiyo loweka muda mrefu zaidi. Kiowevu cha kuoshea kiwe na kalsiamu, la sivyo shanga zinalainika na kuyeyuka. Nikiwa na hiari, nagandisha seli peke yake na kuzitia kwenye shanga baada ya kuziamsha.

*Kuna ulazima wa kuosha DMSO? Kichupa kimoja kina kidogo tu.*
Kina kama gramu 0.11. Kwenye mshipa, kikomo kinachotumika sana ni gramu 1 kwa kilo ya uzito kwa siku, basi hesabu hiyo haitishi. Lakini kipandikizi hukaa sehemu ndogo, kwenye kiungo au jicho, na DMSO yote inabaki pale. Osha.

*Kwa nini mvuke, wakati kimiminika ni baridi zaidi?*
Mfuniko ukivuja, kimiminika kinaingia, na kichupa kinaweza kulipuka kikiyeyushwa. Tena kimiminika hubeba vijidudu: mwaka 1995 iliripotiwa Uingereza kwamba homa ya ini B ilisambaa kupitia tangi la naitrojeni. Mvuke nao una hatari yake kwako wewe: lita 1 ya naitrojeni kimiminika inakuwa karibu lita 700 za gesi. Usiingie chumba cha tangi bila kipima oksijeni kinachofanya kazi.