Kabla Hujauza Gitaa Lako la Besi, Liweke Sawa kwa Mpangilio Huu

Karibu kila mwezi hapa Nyakato, Mwanza, naletewa gitaa la besi ambalo mwenyewe keshalikatia tamaa. "Kaka, hili halishiki tyuni, nyuzi ziko juu kama kamba ya kuanikia nguo, nitafutie mteja." Nalichukua, nalipiga dakika mbili, kisha namwambia avute kiti. Mara nyingi gitaa lenyewe ni zima. Shingo imepinda kidogo, nyuzi ni zile zile za siku kwaya ilipolinunua, na kila fundi aliyeligusa ameanzia mwisho.

Kuanzia mwisho ndiko kunakoua. Ukishusha nyuzi kabla hujanyoosha shingo, siku utakaponyoosha shingo nyuzi zitakwaruza na kazi utairudia. Mpangilio ni huu: nyuzi, shingo, kimo cha nyuzi, usahihi wa sauti, kisha umeme. Usiruke.

Vifaa

Bisibisi ya nyota, alenki (funguo za pembe sita) ndogo na kubwa, rula yenye milimita, plaizi ya kukatia, kitambaa cha pamba na tyuna. Tyuna ya kwenye simu inatosha, ila uzi wa E, ule mnene kuliko yote, unapiga mitetemo 41 tu kwa sekunde na simu nyingi huusikia kwa shida. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vilivyolala shingoni, huhesabiwa kuanzia kichwani) bila kuukandamiza, upige, utapata ile sauti ya kengele. Simu inaisoma bila kubabaika.

Kipimo cha mianya, zile bapa nyembamba za chuma zilizofungwa kama feni, usikinunue. Nenda kwa fundi pikipiki wa mtaani kwako, anakitumia kupimia valvu. Muombe kwa nusu saa. Akikataa, kadi ya simu ya plastiki itakusaidia, nitaeleza.

Hatua ya 1: Nyuzi mpya, mmoja mmoja

Gitaa nyingi za besi tunazoshika huku zimefuata vipimo vya Precision Bass ya Fender, iliyotoka mwaka 1951: kutoka mfupa wa juu, ule wenye mitaro kichwani, hadi kwenye briji, kile chuma cha mwilini kinachoshika nyuzi, ni inchi 34. Pima la kwako kabla ya kununua, maana yapo mafupi. Pakiti ya kawaida ya nyuzi nne huandikwa 45 hadi 105, yaani unene wa nyuzi. Anza na hiyo.

Usivue nyuzi zote kwa mpigo. Toa mmoja, weka mmoja, shingo isipoteze mvuto wote mara moja. Uvute uzi mpaka upite ufunguo wake wa kukazia kichwani kwa kama sentimita 10, ukunje kona kali kwanza, ndipo ukate. Ukikata bila kukunja, waya wa nje unaweza kulegea juu ya ule wa ndani na uzi utakufa sauti ungali mpya. Ingiza ncha kwenye tundu la katikati ya ufunguo, zungusha kushuka chini, mizunguko miwili au mitatu.

Huna hela ya nyuzi mpya? Zichemshe. Ndiyo, kwenye sufuria, dakika kumi, lakini sufuria isiyo ya mboga kwa sababu maji yanayotoka humo hutamani kuyaona. Zifute, zianike zikauke kabisa. Ung'aavu utarudi kwa siku chache, zikutoshe Jumapili moja au harusi moja. Kuna watakaokuambia kwamba James Jamerson, mpiga besi wa kampuni ya muziki ya Motown huko Marekani, hakubadilisha nyuzi mpaka zikatike. Kweli, lakini zake zilikuwa nyuzi bapa, zile laini zisizo na mikwaruzo, na mkono ulikuwa wake.

Hatua ya 2: Shingo

Hapa tukae.

Ndani ya shingo mna nondo nyembamba. Nyuzi nne zikikazwa zinaivuta shingo mbele kama upinde, na nondo inavuta kinyume. Wewe unatafuta mahali wanapolingana, na si kwenye unyoofu kamili. Uzi wa besi ukipigwa hutikisika kwa upana, kwa hiyo shingo inatakiwa ibonyee kidogo sana katikati uzi upate nafasi ya kucheza.

Pima hivi. Tyuni kwanza E, A, D, G, kuanzia uzi mnene hadi mwembamba, kwa sababu shingo isiyo na mvuto wake itakudanganya. Shika gitaa kama unavyolipiga, usililaze mezani. Bana uzi wa E kwenye freti ya 1 kwa mkono wa kushoto na kwenye freti ya mwisho kwa wa kulia. Uzi umegeuka rula. Sasa angalia pengo kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Unataka milimita 0.3, zaidi au pungufu kidogo. Kipimo cha fundi pikipiki kikiwa na bapa nyembamba tupu, bandika mbili tatu pamoja. Kadi ya simu ina unene wa karibu milimita 0.8, kwa hiyo ikipita bila kugusa, shingo imepinda sana mbele. Na kama hakuna pengo lolote, uzi umelala juu ya freti, shingo imepinda kwenda nyuma.

Nati ya nondo iko kichwani chini ya kifuniko kidogo, au upande wa pili shingo inapoingia mwilini. Pengo kubwa, kaza kuelekea mshale wa saa. Hakuna pengo, legeza. Robo mzunguko, si zaidi. Tyuni upya, piga wimbo mmoja mzima, pima tena.

Alenki lazima ikae sawasawa. Gitaa nyingi zilizotengenezwa Asia hutumia ya milimita 4 au 5, za Marekani mara nyingi hupimwa kwa inchi. Besi langu la kwanza nililiharibu hapa hapa: alenki ya inchi "iliyokaribiana" kwenye nati ya milimita, nikasukuma kwa hasira, kona za nati zikalika zikawa duara. Lile gitaa nililipiga miaka miwili likiwa limepinda, na vidole vyangu vinakumbuka. Nati ikigoma, legeza nyuzi kwanza, jaribu tena taratibu. Ikigoma bado, acha, mpe anayejua.

Jambo la kwetu sisi wa kandokando ya ziwa: mbao hunywa unyevu. Gitaa ulilolinyoosha Julai, upepo mkavu, usishangae likikwaruza Novemba mvua zikishika. Usiniulize litapinda upande gani, maana kila mti una tabia yake. Ndiyo maana tunapima. Na stoo za makanisa yetu, chini ya bati, mchana ni tanuri na usiku ni baridi. Gitaa linalolala humo utalinyoosha mara mbili ya lile linalolala chumbani na mwenyewe.

Hatua ya 3: Kimo cha nyuzi

Kwenye briji kila uzi una kibebeo chake chenye skrubu mbili ndogo. Weka rula juu ya freti ya 12, usome umbali hadi chini ya uzi. E milimita 2.5, G milimita 2, A na D katikati yake. Hicho ni kianzio tu. Sisi tunaopiga sebene kwa saa nzima tunapenda nyuzi ziwe chini, vidole visichoke. Ukiwa na mkono mzito wa rege, pandisha E hadi 3, vinginevyo kila pigo litatoa kelele za chuma.

Kelele nazo husema zilipo. Ikikwaruza freti ya 1 hadi ya 5, rudi kwenye shingo, imenyooka mno. Ikikwaruza kuanzia ya 12 kwenda juu, nyuzi ziko chini mno. Ikikwaruza uzi wazi peke yake, mtaro wa mfupa wa juu umelika. Kelele unayoisikia bila umeme lakini kwenye spika haipo, achana nayo.

Hatua ya 4: Usahihi wa sauti

Umewahi kutyuni vizuri, ukipanda juu ya freti ya 7 mpiga kinanda anakutazama kwa jicho baya? Ni hapa.

Piga ile sauti ya kengele freti ya 12, soma tyuna. Kisha kandamiza uzi freti hiyo hiyo, piga. Zinatakiwa zilingane. Ya kukandamiza ikiwa juu, uzi ni mfupi: rudisha kibebeo nyuma, mbali na shingo. Ikiwa chini, kisogeze mbele kuelekea shingo. Legeza uzi kidogo kabla ya kuzungusha skrubu ndefu ya nyuma ya briji (si zile mbili za kimo), tyuni tena, linganisha tena. Kazi hii fanya na nyuzi mpya tu. Nyuzi zilizokula jasho la mwaka mzima hazilingani hata ufanyeje.

Hatua ya 5: Pikapu

Bana E na G freti ya mwisho. Acha kama milimita 3 kati ya E na pikapu, kile kipande chenye sumaku chini ya nyuzi, 2 kwa G. Uzi mmoja ukizidi sauti, shusha pikapu upande wake.

Hatua ya 6: Umeme

Volyumu inayokwaruza izungushe mara thelathini mwanzo hadi mwisho, gitaa likiwa halijachomekwa. Ikiendelea, dawa ya kusafishia swichi kutoka kwa fundi redio, tone moja ndani. Jeki (tundu la kuchomekea kebo) inayocheza usiikaze kwa nje tu: fungua kibati, uishike kwa ndani, ndipo ukaze nati, la sivyo waya zitajinyonga zikatike. Gitaa lenye betri ya volti 9, chomoa kebo ukimaliza kupiga. Ikibaki imechomekwa, betri inaliwa usiku kucha.

Mngurumo ukipungua unapogusa nyuzi, ni kawaida. Ukihisi umeme mdomoni unapokaribia maiki huku umeshika nyuzi, hapo si kawaida hata kidogo. Weka gitaa chini, zima, itafutwe ethi (waya wa ardhini) ya jengo au ya jenereta. Nimewaona wenzangu wakilicheka jambo hili jukwaani. Mimi hupima kwanza kwa kugusisha maiki kwenye nyuzi, maiki ikiwa imeshikwa na kitambaa kikavu. Cheche ikiruka, sipigi mpaka fundi umeme aje.

Hatua ya 7: Subiri

Lirudishe kwenye begi, lilaze pale linapolala siku zote, siku mbili. Kisha tyuni, bana E freti ya 1 na ya mwisho, tazama freti ya 7. Pengo likiwa lile lile uliloliacha, nenda nalo mazoezini. Likiwa limehama, ni robo mzunguko tena, na siku mbili nyingine.