SOMO: Jinsi ya kupanda kilo kwenye vyuma bila kukata tamaa njiani

Anayeacha vyuma mara nyingi ni yule aliyetoka jasho wiki baada ya wiki bila kuona alichopata. Kioo huchelewa kuonyesha. Daftari huonyesha mapema, ndiyo maana nasisitiza daftari kuliko kitu kingine chochote.

Hatua ya 1: Chagua mazoezi machache. Kuchuchumaa na chuma mabegani, kunyanyua chuma kutoka sakafuni, kusukuma chuma ukiwa umelala benchi (awepo mtu wa kukushikia). Siku 3 kwa wiki zinatosha, na usizifuatanishe.

Hatua ya 2: Anza chini. Chuma kitupu cha mashindano kina kilo 20, cha wanawake kilo 15. Kwa anayeanza, hicho peke yake kinatosha kujifunzia mkao.

Hatua ya 3: Andika. Ukimaliza seti (marudio ya mfululizo kabla ya kupumzika), kabla hujakaa, andika zoezi, kilo na umerudia mara ngapi. Mfano wa seti tatu: "Kuchuchumaa, kilo 40: 8, 8, 6." Hiyo 6 ndiyo kazi yako ya siku ijayo. Hutajiuliza tena kama una hamu ya mazoezi, maana unakwenda kuitafuta 7. Siku ikisomeka 8, 8, 8, ongeza kilo 2.5, yaani kipande cha 1.25 kila upande. Utashuka hadi 7, 6, 5 pengine. Usishtuke, unaanza kupanda upya kutoka mahali pa juu zaidi. Andika na usingizi pia. Kuna siku kilo zilezile zitakulemea, na jibu utalikuta hapo hapo kwenye ukurasa: usiku ule hukulala vizuri.

Hatua ya 4: Kati ya seti nzito pumzika dakika 2 hadi 3. Simu iweke mbali.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Nimekwama kwenye uzito mmoja wiki nyingi sasa, nifanyeje?
Jibu: Marahaba. Angalia kwanza usingizi na chakula. Kama viko sawa, punguza uzito kwa asilimia 10 hivi, fanya wiki nzima kwa mkao safi, kisha panda tena polepole.

Swali: Kaka, kilo zinapanda lakini mwili ni uleule. Kweli napiga hatua?
Jibu: Tena kubwa! Wiki za mwanzo nguvu nyingi hutokana na mishipa ya fahamu kujifunza kuitumia misuli uliyonayo. Misuli kujaa hufuata baadaye. Endelea, ndugu yangu.

Swali: Kesho yake miguu inauma hata kushuka ngazi ni shida. Niache?
Jibu: Misuli kuuma siku moja au mbili baada ya zoezi jipya ni kawaida, tembea taratibu itaachia. Ila maumivu makali ndani ya goti, bega au mgongo ni jambo jingine: simamisha zoezi hilo, umwone daktari.