Chora risasi kwanza, rangi baadaye

Mimi ni mchoraji, si fundi wa vioo. Dirisha langu la kwanza la vioo vya rangi nililichorea nyumba ya shangazi, Mkomani, hapa Lamu. Nilipaka rangi picha nzima, nikamwachia fundi atafute pa kupitisha risasi, ile mikanda ya madini inayounganisha vioo. Akaipitisha katikati ya tanga la jahazi langu. Niliumia, lakini kosa lilikuwa langu.

Basi anza na mistari. Madini ya risasi yanayoshika vipande huonekana meusi jua likiwa nyuma yake; huo ndio wino wako. Chora kwa mkaa, kwenye karatasi yenye ukubwa uleule wa dirisha. Kila mstari ufike kwenye mstari mwingine au kwenye fremu. Epuka kona zinazoingia ndani kama herufi L, maana kioo hupasukia hapo. Mwezi mwandamo niliutaka uwe kipande kimoja. Vilivunjika vitatu, ndipo nikakubali kuugawa. Na lile tanga nililichora upya: risasi ikawa mlingoti na foromali, ule mti unaobeba tanga, jahazi likasimama.

Rangi usipake, kata karatasi za rangi uzipange. Ndivyo alivyofanya mchoraji Henri Matisse kwa kanisa dogo la Vence, Ufaransa, lililokamilika mwaka 1951. Alitumia manjano, kijani na buluu tu, akaacha kuta nyeupe zipokee mwanga. Sisi kuta za chokaa tunazo tayari, kwa hiyo rangi tatu zinatosha kabisa.

Nyumba zetu za kale hupata mwanga kupitia kiwanda, yaani ua wa ndani, si barabarani. Shika vipande vya kioo pale pale dirisha litakapokaa: asubuhi, adhuhuri, alasiri. Buluu niliyoipenda dukani ilizima kabisa alasiri, na manjano angavu yakachoma macho saa sita.

Vipe vipande namba, kisha kata ruwaza ukiacha milimita 1.5 hadi 2 kati yao, nafasi ya moyo wa risasi, yaani ule ukuta mwembamba wa katikati ya mkanda unaotenga vioo. Ukisahau, safu ya vipande kumi tu itazidi fremu kwa zaidi ya sentimita moja.

Siku ya kukata, kaa na fundi. Madirisha 12 ya mchoraji Marc Chagall yaliyoko hospitali ya Hadassah, Yerusalemu, ya mwaka 1962, yalitengenezwa na fundi Charles Marq, lakini Chagall mwenyewe alichora juu ya vioo. Fundi huchovya kikatio katika mafuta ya taa, hupitisha mara moja tu, kisha huvunja. Viungo hutiwa lehemu pande zote mbili, na mwisho simenti laini ya vioo husukumwa chini ya risasi ili mvua isipenye. Risasi ni sumu: watoto wakae mbali, usile chochote, hata tambuu, mpaka unawe kwa sabuni.

Ukitia kwenye fremu ya mbao, acha milimita tatu kila upande. Masika mbao hufura.