Mambo ya kuzingatia kabla ya drafti ya FPL, ili zamu yako ya pili isiende kwa mchezaji wa raundi ya nane

FPL (Fantasy Premier League) ni mchezo wa mtandaoni ambapo unaunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata alama kwa wanachofanya uwanjani. Kwenye FPL ya kawaida kila mchezaji ana bei na kila mtu ana milioni 100. Ukimtaka Haaland unamlipia, jirani yako naye anamlipia, mnakuwa naye wote. Kwenye drafti, ambapo mnachagua wachezaji kwa zamu, hakuna bei wala bajeti. Mchezaji akishachukuliwa na mmoja katika ligi yenu, waliobaki watamwona kwenye televisheni tu. Unacholipa ni zamu yako ya kuchagua. Ndiyo maana kuwajua wachezaji wazuri hakukusaidii sana, maana kila mtu anawajua. Cha kujiuliza kabla ya siku yenyewe ni hiki: nikimwacha huyu sasa, zamu itakaporudi kwangu nitabaki na nani wa nafasi yake?

Anza na idadi yenu. Ligi ya drafti hubeba watu 2 hadi 16, na kila mmoja huchukua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Tuseme mko 8. Watachukuliwa makipa 16, mabeki 40, viungo 40 na mastraika 24. Sasa iangalie Ligi Kuu ya Uingereza yenyewe. Timu ni 20, na nyingi siku hizi huanza na straika mmoja tu wa kati. Maana yake mnatafuta mastraika 24 mahali penye kama 20 wenye uhakika wa kuanza, tena baadhi yao wako kwenye timu zinazopigania kutoshuka daraja. Mabeki wanaoanza kila wiki wako kama 80, nanyi mnahitaji nusu yao. Mkiwa 12 ni kizaazaa: mastraika 36 wanatakiwa, na makipa 24 kutoka timu 20, kwa hiyo wapo watakaokaa na kipa wa benchi msimu mzima. Fanya hesabu hii kabla hujafungua orodha yoyote ya majina.

Hesabu hiyo ndiyo inayomfanya mtu kama Liam Delap awe na maana. Msimu wa 2024/25 Ipswich ilishuka daraja, lakini yeye alifunga mabao 12. Straika wa timu mbovu anayecheza dakika 90 kila wiki hana mvuto kwenye FPL ya kawaida. Kwenye drafti ya watu 10 ni mali, kwa sababu mwenzako aliyetanguliza viungo wake wote atakuwa anajaza nafasi ya tatu ya ushambuliaji kwa kijana anayeingia dakika ya 80.

Kipa hana haraka. Wa timu kubwa hupata alama 4 asiporuhusu bao, ila wa timu ndogo hupata alama 1 kwa kila mikwaju mitatu anayookoa, na mikwaju huko haikosekani. Mwisho wa msimu tofauti yao huwa ndogo kuliko majina yao. Anayechukua kipa raundi ya nne huwa amewafanyia wenzake hisani.

Zamu zenyewe huenda kwa mtindo wa nyoka: aliyechagua wa mwisho raundi ya kwanza ndiye wa kwanza raundi ya pili. Mkiwa 8 na wewe ni wa kwanza, ukishamchukua mtu wako wachezaji 14 wataondoka kabla zamu haijarudi kwako, kisha utachagua wawili mfululizo. Kwa hiyo usiandike orodha ndefu ya namba 1 hadi 100. Wapange kwa madaraja ndani ya kila nafasi: hawa viungo wanne wanalingana, hawa sita wako chini yao, na kuendelea. Zamu ikifika unaangalia daraja lipi linakaribia kwisha. Kama wamebaki viungo watano wa daraja moja na straika mmoja wa daraja lake, chukua straika, hata kama mmoja wa wale viungo unampenda zaidi. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa kushika jina walilolipenda huku daraja zima la nafasi nyingine likiyeyuka.

Kitu kingine cha kuacha mlangoni ni mawazo ya ukapteni. Mohamed Salah alimaliza 2024/25 na mabao 29, asisti 18 na alama 344, na kwenye FPL ya kawaida waliompa utepe wa ukapteni walizidishiwa alama zake mara mbili. Drafti haina kapteni. Mtu wa namna hiyo bado anachukuliwa mapema, ila pengo kati yake na wa kumi linapungua, na wale wanaookota alama ndogondogo kila wiki wanapanda. Tangu msimu wa 2025/26 beki akifikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi, yaani kuondosha mipira, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kukaba, anapata alama 2, na kiungo au straika anahitaji 12, yeye akihesabiwa na mipira aliyoirudisha. James Tarkowski wa Everton hatoi burudani yoyote, lakini kazi yake ndiyo hiyo. Soma kanuni za alama za ligi yenu usiku mmoja kabla, hata kama umecheza miaka mingi.

Soma pia nafasi aliyoandikiwa kila mchezaji. Bao la kiungo ni alama 5, la straika ni 4, na kiungo huongezewa 1 timu isiporuhusu bao. Bryan Mbeumo aliandikwa kiungo mwaka 2024/25 huku akicheza mbele kabisa Brentford, na Ivan Toney alipokwenda Saudi Arabia penalti zikawa zake. Akafunga 20. Penalti ni jambo ambalo watu wanalijua halafu wanalisahau: katika mabao 22 ya Cole Palmer ya 2023/24, tisa yalikuwa ya penalti. Jua mpigaji wa kila timu, na jua nani anafuata akiumia.

Halafu kuna suala la kulipia jana. Agosti 2024 Chris Wood wa Nottingham Forest alikuwa na miaka 32, jina lisilosisimua mtu, ingawa msimu uliotangulia alikuwa amefunga 14. Akafunga 20. Msimu uliofuata, waliomkimbilia kwa ajili ya mabao hayo walimkuta akikaa nje muda mrefu kwa jeraha la goti. Mchezaji yuleyule, ila mara ya kwanza alipatikana kwa zamu ya chini na mara ya pili kwa zamu ya juu. Thamani nzuri mara nyingi imekaa kwa mtu anayechosha kumtaja.

Wajue na wenzako. Shabiki wa Arsenal atamchukua Saka mapema kuliko inavyostahili, na wa Manchester United atawapandisha watu wake raundi mbili nzima. Usibishane nao, kila zamu wanayotumia kwa mapenzi inakushushia mtu mwingine. Kagua pia kalenda. AFCON ya Morocco ilianza Desemba 21, 2025, katikati ya msimu, na Salah na Mbeumo wote walikwenda. Ukiwa na watatu wa namna hiyo kikosini utaanza mwaka mpya na mashimo.

Siku yenyewe ina mambo yake. Saa tatu usiku ya Dar es Salaam ni saa nne Muscat, saa mbili Lubumbashi na saa nane mchana Toronto, kwa hiyo kwenye kundi la WhatsApp taja saa ya kila aliko mtu. Weka bando la ziada na chaji simu mapema. Muda wako wa kuchagua ukiisha, mfumo unakuchagulia, na hapo orodha uliyoipanga mwenyewe ndani ya programu ndiyo kinga pekee.

Zamu ya 15 usiitumie kwa beki wa akiba. Drafti hufanyika Agosti, dirisha la usajili likiwa bado wazi. Palmer alihamia Chelsea Septemba 1, 2023, ligi ikiwa imeshaanza, hivyo weka mtu mmoja unayeweza kumtema bila kuumia akitokea mtu kama huyo. Msimu ukianza, maombi ya kumbadilisha mtu wako na mchezaji ambaye hajachukuliwa na yeyote hufungwa saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa kupanga kikosi cha raundi ya mechi, nao muda huo ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ikiwa Ijumaa saa nne usiku kwa saa za Afrika Mashariki, ombi lako liwe limeingia Alhamisi kabla ya saa mbili na nusu usiku.